Ufunguo wa Kumi na Moja

Dada Povu alikuwa na miaka sitini na mbili na bado aliitwa Dada. Wateja wake wa kwanza walimpa jina hilo siku alipoingia kwao na ndoo moja na brashi iliyokwisha meno, na tangu hapo hakupandishwa cheo. Wajukuu wa wateja hao nao walimwita Dada Povu, na mbwa wa daktari wa meno, kama angejaliwa kusema, angemwita hivyo hivyo.

Kampuni yake ilikaa katika chumba cha nyuma cha nyumba yake. Chumba hicho kilijengwa kiwe cha wageni, lakini mgeni wa kwanza kulala humo alikuwa katoni la sabuni, na sabuni haikuaga. Humo mlikuwa na ndoo nne zilizovaana, mifagio iliyosimama kama askari wa gwaride, matambara yaliyokunjwa kwa rangi (mekundu ya choo, ya kijani ya jikoni, meupe ya vioo, na ole wake atakayeyachanganya), mashine ya kufyonza vumbi iliyokohoa mara tatu kabla ya kukubali kazi, na ukutani ubao wenye misumari kumi na mmoja.

Kila msumari ulining'iniza ufunguo. Ubao huo ndio uliokuwa biashara yenyewe, mengine yote ni povu tu. Wateja waliondoka asubuhi kwenda makazini, wakamwachia nyumba zao na yote yaliyomo, wakirudi wanakuta sakafu inawarudishia sura zao. Lakini hapakuwa na jina wala namba kwenye ufunguo hata mmoja. Dada Povu alisema mwizi akiiba ubao mzima atabaki na vyuma vya kujikunia mgongo. Badala ya majina alitia nukta za rangi ya kucha: mbili nyekundu, moja ya zambarau, tatu za fedha, na kuendelea. Nukta zipi zilikuwa za nyumba ipi, alilijua yeye na kichwa chake.

Mumewe aliitwa Stempu, kwa kuwa alipanga barua posta miaka thelathini na minne. Alipostaafu, barua zilimtoka mikononi lakini hazikumtoka mdomoni. Alipenda kusimulia bahasha iliyofika mezani kwake bila anwani, imeandikwa tu, Kwa Shangazi, yule anayecheka kabla hujamaliza. Wenzake walitaka kuitupa. Yeye aliinusa, akaipima kiganjani, akaitupia kwenye sanduku la mtaa wa nne. Siku ya pili akaja mama mmoja mnene kushukuru, na kabla Stempu hajamaliza kusema karibu, mama yule akaangua kicheko. Kila aliposimulia habari hiyo, mama yule aliongezeka unene, na safari ya mwisho ilibidi mlango wa posta ufunguliwe pande zote mbili.

Kitu kimoja tu kilimshinda Stempu kukifikisha, nacho ni ufunguo wa nyumba yake mwenyewe. Mwaka aliostaafu aliupoteza mara tatu. Mara ya kwanza na ya pili mkewe alimchongea mwingine. Mara ya tatu alimtazama tu, akasema basi. Tangu siku hiyo Stempu alikuwa mtu mzima asiye na ufunguo. Akitoka aliuegesha mlango na kumwomba fundi viatu wa jirani aupigie jicho.

Mambo yalianza kubadilika siku binti yao alipojifungua pacha. Binti aliolewa mbali, safari ya siku mbili kwa basi, na alipiga simu kwa sauti ya mtu aliyelala saa mbili katika siku tatu. Alisema neno moja tu lenye maana: "Mama, njoo." Dada Povu alijibu kwamba atakuja, tena atakaa miezi mitatu, akishapata wa kumwachia nyumba zake. Hakusema wateja wake. Alisema nyumba zangu. Magoti yenyewe yalikwisha kumnong'oneza kwa miaka miwili kwamba yamechoka kusalimiana na sakafu, lakini hakuyasikiliza. Pacha ndio waliomshinda.

Stempu alimjua mkewe. Kama kazi haikuuzwa, haendi. Angebaki hapa akisugua masinki ya watu, huku wajukuu wakiota meno bila yeye, na kila jioni angeuliza kwa simu kama wameanza kucheka. Kwa hiyo Stempu aliitamani biashara ile iuzwe kuliko alivyopata kutamani pensheni.

Wanunuzi wawili walikuja wakaondoka. Wa kwanza aliitaka mashine ya vumbi tu, mpaka alipoisikia ikikohoa. Wa pili alitaka kuajiri watu ishirini na kuwavalisha kofia, na Dada Povu akamwuliza kama kofia hizo ndizo zitakazofuta vioo. Wa tatu ndiye alikuwa mtu. Mwanamke wa miaka arobaini na kitu, miwani puani, kalamu sikioni, aliyekuwa mtunza stoo wa hospitali na ambaye, kwa maneno yake, aliacha kazi ile bila hata pamba moja kupungua. Stempu alimpachika jina la Mkaguzi.

Mkaguzi aliipenda kazi, akawapenda wenyewe, na bei walipatana kwa chai moja. Alikuwa na sharti moja tu. Ijumaa atakuja na daftari, Dada Povu amtajie ufunguo kwa ufunguo, nukta kwa nukta, nyumba kwa nyumba, wateja wote kumi. Kwake yeye kisichoandikwa hakipo. Yakikaa sawa, atatia sahihi hapo hapo. Yasipokaa sawa, kuna mtu anamuuzia duka la madaftari na kalamu, na amemtaka jibu Jumamosi asubuhi.

Basi Jumatano Dada Povu akaenda kazini kwa mteja aliyekuwa likizo, asihitaji ufunguo, na Stempu akabaki nyumbani na nia njema.

Aliona si heshima mgeni kama yule akute chumba cha nyuma kama kilivyo. Alifagia, akapanga ndoo upya, akaifuta mashine ya vumbi vumbi. Kisha akautazama ubao. Zile funguo zilikuwa zimefifia, zimeshika weusi wa mikono ya miaka mingi, na zile nukta zimekatikakatika kama kucha za mtu aliyetoka shambani. Hapo ndipo alipoikumbuka Dawa ya Aibu.

Dawa ya Aibu ilikuwa siri ya Dada Povu. Ndani yake mlikuwa na siki na vitu vingine vitatu alivyovichanganya mlango ukiwa umefungwa. Iliitwa hivyo kwa sababu iliondoa yale ambayo watu huona haya kuyaonyesha, kama sufuria iliyoungua siku ya wakwe. Ilikuwa kali. Siku moja ilidondokea sahani yenye picha ya jogoo, na jogoo akaondoka asionekane tena. Stempu alisimulia kwamba jirani yao alimsikia akiwika upande wa pili wa ukuta, lakini huyo alikuwa Stempu.

Akazitia funguo zote kumi na moja kwenye beseni, akazimiminia dawa, akatoka kwenda kwa kinyozi kwa dakika tano. Kwa kinyozi alimkuta mteja mgeni ambaye hajapata kusikia habari za Shangazi. Dakika tano zikawa saa.

Aliporudi, funguo zilikuwa zinawaka. Ungedhani zimetoka kiwandani asubuhi hiyo. Stempu alizitoa moja moja, akazifuta, akazitazama kwa fahari ya baba, na alikuwa ameshika ya saba alipoona maji ya beseni yamegeuka zambarau.

Aliirudia ya kwanza, akaigeuza. Hamna nukta. Ya pili, hamna. Zote kumi na moja zilikuwa safi kama dhamiri ya mtoto mchanga, na hapakuwa na mtu duniani aliyejua ipi ni ya nani, hata Dada Povu mwenyewe.

Alifikiria kusema ukweli. Aliliangalia wazo hilo kwa kila upande, akaliona halina mvuto. Mkewe angeahirisha mkutano wa Ijumaa, Mkaguzi angenunua madaftari yake, na pacha wangeota meno. Kwa hiyo mkewe alipoingia jioni, alikuta ubao umefunikwa shuka, na Stempu akamweleza kwamba ameupaka vanishi, usiguswe mpaka kesho jioni. Dada Povu alilitazama shuka, akamtazama yeye, akavuta pumzi kwa pua kama anayesikia harufu anayoijua, kisha akaenda kuyalaza magoti yake.

Bahati, Alhamisi hakuwa na kazi. Ilikuwa siku yake ya kuyapeleka magoti hospitali, na foleni ya hospitali ile humaliza kutwa. Kabla hajageuza kona sawasawa, Stempu aliutoa mkoba wake wa posta juu ya kabati. Ndani alitia funguo, nyuzi, na vikadi vya kahawia vya kufungia vifurushi, vile alivyostaafu navyo bila kumsumbua mtu kwa kuomba ruhusa. Ufunguo, alijiambia, ni barua ya chuma tu. Una kwao. Na nyumba zote kumi alizijua, maana kila alipomsindikiza mkewe, aliyebeba ndoo ni yeye. Alitoka kwa haraka, mlango ukajibamiza nyuma yake.

Alianza kwa fundi saa, aliyeishi juu ya duka lake. Stempu alipanda ngazi kwa ncha za vidole, akajaribu funguo nane bila mafanikio, na wa tisa ukazunguka kama kijiko ndani ya uji. Akaufunga kadi, akaandika. Aliposhuka alimkuta fundi saa amesimama chini na kioo chake jichoni, akiuliza anafanya nini huko juu. Stempu hakumeza hata mate. Alisema ni ukaguzi wa vitasa wa mwaka. Fundi saa akasema mbona miaka yote hajausikia. Stempu akasema ndiyo sababu unafanywa. Fundi saa, mtu aliyezoea kuchungulia mambo madogo, alitosheka, akamwomba kwa kuwa ni mkaguzi amwangalizie na kitasa cha choo.

Uongo ule ulikuwa mzuri mno, ndiyo ilikuwa taabu yake. Mwalimu wa piano alisikia chuma kikikwaruza mlangoni mwake, akaacha somo, akafungua, na aliposikia habari za ukaguzi alifurahi kwa sababu bawaba zake zilikuwa zinalia nusu sauti chini ya piano. Stempu alizitia mafuta bawaba nne. Kwa daktari wa meno alipiga magoti mbele ya mlango wa pembeni huku mgonjwa mwenye shavu lililovimba akimshikia mkoba, na mbwa akimnusa kisogo kama anayesoma barua ya watu. Mpaka saa nne alikuwa amefikisha funguo tatu, ametengeneza vitasa viwili, na ameahidi kurudi Jumatatu kwa dirisha.

Nyumba ya nne ilikuwa ofisi ya wakili, ghorofa ya kwanza, na wakili alikuwa mahakamani. Kupiga magoti mbele ya mlango wa wakili huku umeshika funguo nane ni kama kuandika mashtaka yako mwenyewe na kuyapigia mhuri. Stempu alikuwa ameufikia ufunguo wa tano aliposikia sauti nyuma ya mgongo wake.

"Shikamoo, mzee."

Hakuhitaji kugeuka. Sauti ile ilikuwa na kalamu sikioni. Mkaguzi alikuwa amesimama kwenye kona ya ngazi, daftari kifuani, naye alionekana kidogo kama mtu aliyefumaniwa. Baadaye Stempu alielewa kwamba alikuja kuzichungulia kwa nje nyumba alizotajiwa siku ya chai, kabla ya kununua kazi, kama anavyochungulia mtu katoni kabla ya kusaini kwamba limejaa. Lakini wakati ule yeye ndiye aliyekuwa magotini.

"Marahaba, mwanangu," alisema, akabaki pale pale chini kana kwamba ndiko alikopangiwa. Akaeleza habari za ukaguzi wa mwaka. Aliueleza vizuri, akaongeza na historia yake, na kwamba ulianzishwa baada ya kitasa kimoja kumng'ang'ania Dada Povu siku mbili.

Mkaguzi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akavuta kalamu sikioni, akafungua ukurasa mpya. "Endelea, mzee. Mimi nitaandika."

Stempu angefanyaje? Wakaendelea wawili. Yeye alijaribu funguo, Mkaguzi akaandika ipi imefungua nini, kwa mwandiko mdogo uliosimama wima kama mifagio ya Dada Povu. Na kila mlango uliofunguliwa na mwenyewe, mwenyewe alikuwa na la kusema. Mke wa wakili, aliyewakuta kwenye ngazi akileta faili lililosahauliwa, alisema yale makaratasi ya sakafuni si takataka, ni utaratibu, Dada Povu huyaruka kama mtu anayevuka mto. Kapera wa mtaa wa nyuma, jitu zima la miaka hamsini na moja, aliomba kwa haya viatu vyake visipangwe, maana Dada Povu alikwisha kukubali kwamba usiku akiamka huvitafuta kwa miguu. Yote Mkaguzi aliyaandika. Aliandika na mahali pa viatu.

Kwa mjane wa ghorofa ya tatu ndiko Stempu alikokaribia kuadhirika. Alichomeka ufunguo, na mlango ukafunguka kabla hajauzungusha. Mjane alikuwa amesimama ndani na birika mkononi, na Stempu akawahi kusema ni ukaguzi wa mwaka.

"Wewe Stempu, unakwaruza nini hapo kama panya? Mlango huu siku za mkeo haufungwi. Nikisikia hatua zake ngazi ya pili, nabandika maji. Ufunguo wangu hajautia kwenye kitasa hiki tangu niliposhindwa kutembea mwaka ule, na ukaguzi ndiyo kwanza nausikia leo."

Mkaguzi aliinua macho kwenye daftari, akamtazama Stempu juu ya miwani. Stempu aliyatazama maua ya zulia. Mjane akamwacha ajaribu mpaka ufunguo wake ukapatikana, kisha akawakalisha, akawapa chai, akamwambia Mkaguzi kwamba redio isiguswe, inashika stesheni moja tu na ikisogezwa ukucha inapotea, na kwamba mtu akija kusafisha naye asikilize kwanza habari za mwanawe wa pili, halafu ndoo. Mkaguzi aliuliza kama habari hizo ni ndefu. Mjane akasema inategemea na mwanawe.

Saa tisa wakamaliza mlango wa kumi. Kila ufunguo ulikuwa na kadi yake na kila kadi iliandikwa. Stempu alitia mkono mkobani kwa furaha ya mtu aliyeponea chupuchupu, na kidole chake kikagusa chuma.

Kulikuwa na mmoja umebaki.

Aliutoa. Ulikuwa ufunguo wa kawaida, wa shaba, umenyooka, unang'aa kama wenzake, na milango yote kumi ilikuwa imekwisha kupata wa kwake. Stempu aliunusa, akaupima kiganjani. Ulinuka siki.

Mkaguzi aliufunga ukurasa taratibu. Walikuwa wamesimama kando ya barabara mbele ya duka la vioo, na kwenye vioo vyote Stempu alijiona yeye na ufunguo wake. "Mzee," alisema Mkaguzi, "wateja niliotajiwa ni kumi. Funguo ni kumi na moja. Kuna mtu mjini humu ana mlango, ufunguo wake umo mkononi mwako, na hayumo kwenye orodha. Labda alihama, labda alifariki, labda hajui kama mnao. Nikiununua ubao ule namnunua na huyo. Mimi siwezi kulala na ufunguo wa mtu nisiyemjua."

Stempu alifungua mdomo, na mdomoni uongo ulikuwa tayari umejipanga, mzuri, wenye shangazi ndani yake. Alimwona Dada Povu kwenye foleni ya hospitali akiyasugua magoti. Akaufunga mdomo. Alipoufungua tena alisema ukweli wote: beseni, dawa, kinyozi, maji ya zambarau, vanishi isiyokuwepo. Alisema mkewe hana habari, hajapata kukosea ufunguo maisha yake yote, na kosa ni lake yeye kwa kujaribu kusafisha katika nyumba ambayo hajapata kusafisha kitu.

"Hilo nililijua kwa wakili," alisema Mkaguzi. "Mkaguzi gani anajaribu funguo tano kwenye mlango mmoja? Sikuuliza la beseni, mzee. Nimeuliza huu ni wa nani."

"Huo sijui. Wallahi sijui."

"Basi twende kwa anayejua."

Wakaenda. Njiani Stempu, kwa mara ya kwanza katika kumbukumbu za mtaa ule, hakusimulia kitu, hata fundi viatu aliposimamisha nyundo kumwuliza kama anaumwa. Alifika kwake, akasukuma mlango, mlango ukakataa. Asubuhi ulipojibamiza nyuma yake ulikuwa umejifunga wenyewe. Kwa hiyo waliketi kwenye kizingiti, mnunuzi na mume wa muuzaji, na mkoba wa posta katikati yao kama mgonjwa.

Dada Povu alitokea mwisho wa barabara akitembea kwa ule mwendo wake wa kupumzisha goti moja kwa zamu. Alifika, akawatazama, akautazama mkoba, akaziona kadi za kahawia zikichungulia. Mkaguzi alisimama, akaamkia. Stempu naye alisimama, na kabla hajapoteza ujasiri alilimwaga lote, safari hii kwa ufupi, bila hata chumvi kidogo.

Mkewe alichomoa ufunguo mmoja mkobani, akaunusa. "Uliziloweka muda gani?"

"Saa nzima."

"Nusu saa ilitosha." Akavua viatu, akavishika mkononi. "Harufu niliisikia jana. Nikasema ngoja, atasema mwenyewe akichoka. Sikujua utachoka kilomita nyingi hivi. Haya, uliobaki uko wapi?"

Stempu aliufungua mkono. Mkaguzi alisogea karibu, kalamu tayari. Dada Povu aliuchukua ule ufunguo wa shaba, hakuugeuza wala kuutazama. Aliwapita wote wawili, akauchomeka kwenye mlango wa nyumba yake, akauzungusha. Mlango ukafunguka.

Stempu aliutazama mlango ule kana kwamba ndiyo mara ya kwanza kuuona.

"Wa tatu ule," alisema mkewe akiwa ndani tayari, akitafuta kiti. "Ulisema umeudondosha mtaroni. Niliukuta kwenye mfuko wa suruali yako, ndani ya ndoo ya kufulia. Nikautundika na wenzake, pale pale kazini, kwa sababu hapa nako nasafisha." Alikaa, akanyoosha mguu. "Ni mteja wangu wa zamani kuliko wote. Hajapata kulipa, na ndiye anayechafua zaidi."

Mkaguzi alicheka. Hawakujua kama anaweza, na naye alionekana kushangaa. Kisha akaweka daftari mezani, akampitishia Dada Povu kurasa moja moja: redio, viatu, makaratasi ya wakili, chai kwanza ndoo baadaye. Dada Povu alisoma, kidole chini ya mstari. Kwenye habari za mjane alisimama. Alisema mambo haya angetakiwa kuyataja kesho na hakika asingeyataja, kwa kuwa hakujua kwamba anayajua.

Hawakungoja Ijumaa. Sahihi zilitiwa pale pale, kati ya vikombe. Mkaguzi aliongeza masharti mawili kwa mwandiko wake uliosimama wima. La kwanza, mzee amtembeze wiki mbili za mwanzo, kwa kuwa kila mlango una watu wa kusema naye, na vilevile kwa sababu anadaiwa dirisha kwa daktari wa meno. La pili, Dawa ya Aibu akabidhiwe yeye, kwenye chupa, na mzee asiiguse. Chini ya orodha ya funguo, mstari wa kumi na moja, aliandika: Hauuzwi.

Alipoondoka, Dada Povu alimwita mumewe, akamtia ufunguo ule kiganjani na kuvifumba vidole vyake kimoja kimoja juu yake. "Shika. Miezi mitatu sipo. Matambara mekundu ni ya wapi?"

"Ya choo."

"Ya kijani?"

Stempu alifikiri sana.

"Utajifunza," alisema mkewe, akachukua simu kumpigia binti.

Stempu alikaa kwenye kiti chake na kusikiliza upande mmoja wa mazungumzo, mkewe akiuliza kama wameanza kucheka, kisha akisema wangoje, wasianze kabla hajafika. Alitoa mkobani kadi ya kahawia ya mwisho na kipande cha uzi. Jina hakuandika, maana katika nyumba ile ufunguo hauandikwi jina. Aliuma kalamu kidogo, akaandika: Kwa yule mzee aliyekaa nje ya mlango wake mwenyewe. Akaufunga kadi, akautia kwenye mfuko wa shati, akafunga kifungo. Akiupoteza, alijua utafika tu.